Kuwatafuta Wagonjwa wa Ukoma Wasiojulikana Katika Jamii: Mwongozo Kamili kwa Timu za Wilaya na Zahanati

Mwaka 2019 nchi za dunia ziliripoti kwa Shirika la Afya Duniani wagonjwa wapya wa ukoma zaidi ya 202,000. Mwaka uliofuata, ambao ulikuwa wa janga la Uviko-19, idadi hiyo ilishuka hadi takribani 128,000. Ugonjwa ambao vimelea vyake hukaa mwilini kwa wastani wa miaka mitano, na wakati mwingine 20 au zaidi, kabla ya dalili kujitokeza hauwezi kupungua kwa zaidi ya theluthi moja ndani ya miezi 12. Kilichopungua ni safari za watafutaji. Wagonjwa walikuwa wamebaki majumbani, mabaka yao yakiongezeka na vidole vyao vikipoteza hisia, na kufikia mwaka 2023 hesabu ilikuwa imepanda tena hadi 182,815.

Kwa hiyo takwimu za ukoma za wilaya yoyote zisomwe kwanza kama kipimo cha juhudi za kutafuta, na baadaye ndipo zisomwe kama kipimo cha ugonjwa. Tanzania ilifikia mwaka 2006 lengo la kuwa na mgonjwa chini ya mmoja katika kila watu 10,000, lakini kipimo hicho kiliwahesabu walioandikishwa kwenye matibabu tu, na asiyeandikishwa hakuwa na mahali pa kuhesabiwa. Mwongozo huu unamhusu huyo. Umeandikwa kwa kuzingatia mazingira ya vijijini Tanzania, hasa bonde la Kilombero na wilaya za kusini kama Liwale na Nanyumbu, ingawa mtu wa Kwale, Busia au visiwa vya Komoro ataona mengi yanayofanana na ya kwake.

Kwa nini mgonjwa haji mwenyewe

Baka la ukoma haliumi wala haliwashi. Mkulima ambaye mgongo unamuuma na mtoto wake ana homa hana sababu ya kupoteza siku nzima na nauli ya bodaboda kwa ajili ya alama ya rangi ya shaba iliyoko pajani. Wapo pia wanaoijua alama hiyo na kuiogopa, wakaificha chini ya kanga au shati la mikono mirefu kwa miaka. Wengine wamekwenda kwa mganga wa jadi wakaambiwa wametupiwa kitu. Lakini kundi linalopaswa kutusumbua zaidi ni la wale waliokwisha kufika kwenye zahanati, mara mbili au tatu, wakapewa dawa ya kupaka ya fangasi bila mtu yeyote kuligusa baka lao kwa pamba ili kupima hisia. Wagonjwa hao hawakujificha, walionekana wasitambuliwe.

Lugha yetu nayo ina mchango wake katika mkanganyiko huu. Jedhamu, barasi na mbalanga ni maneno ambayo kwa vizazi vingi yamevuka mipaka yake, mara yakimaanisha ukoma, mara mabaka meupe yasiyohusiana nao kabisa. Mtafutaji anapouliza kijijini, aeleze anachokiona na kukigusa badala ya kutaja jina la ugonjwa. Aulize habari za baka lisilowasha, sehemu ya mwili yenye ganzi, mtu anayeungua kwa sufuria bila kujua, au anayevukwa na kandambili njiani asihisi mpaka aambiwe. Swali la mwisho hilo huwa linaleta majina mengi kuliko bango lolote.

Hatua ya kwanza: anza na rejesta

Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa wilaya akae na rejesta za miaka isiyopungua mitano, na zikiwapo za miaka kumi ni bora zaidi, akaandike kila mgonjwa kwa kijiji na kitongoji. Karatasi hiyo ikikamilika, mara nyingi itaonekana kwamba nusu ya wagonjwa wanatoka katika vijiji vichache. Hivyo ndivyo vya kuanzia.

Aangalie mambo mawili kuhusu kila kijiji. La kwanza ni idadi ya watoto wa chini ya miaka 15 kati ya wagonjwa wapya, kwa sababu mtoto mwenye ukoma ameambukizwa miaka ya karibuni, na aliyemwambukiza huenda bado yupo bila matibabu. La pili ni idadi ya waliogunduliwa wakiwa tayari na ulemavu wa daraja la pili, yaani vidole vilivyokunjamana au kuliwa, mguu usioinuka kwenye kifundo, vidonda vya unyayo au jicho lisilofumba. Ulemavu huo huashiria ucheleweshaji wa miaka.

Kijiji kisicho na mgonjwa hata mmoja katikati ya vijiji vyenye wagonjwa kisipongezwe haraka. Inawezekana zahanati yake haijapata mtumishi aliyefundishwa ukoma, au watu wake hutibiwa ng'ambo ya mto. Kiwekwe kwenye orodha ya kutembelewa.

Hatua ya pili: chagua njia inayolingana na idadi

Katika eneo lenye mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, kumpima kila mtu kunamaanisha kuvua nguo watu 10,000 ili kumpata mmoja. Hakuna wilaya yenye watumishi wala fedha za kazi hiyo, na hata ingekuwa nazo, macho ya mpimaji huchoka baada ya mtu wa mia moja asiyekuwa na chochote.

Hesabu hubadilika mtafutaji anapoanza na watu wanaomzunguka mgonjwa anayejulikana. Katika mradi uliofanyika kati ya 2015 na 2018 katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo kupitia wilaya za Kilombero, Liwale na Nanyumbu, watu wa karibu wapatao 175,000 walipimwa na kati yao wagonjwa wapya 406 walipatikana. Hiyo ni sawa na mtu mmoja katika kila 430. Utafiti wa Sulawesi nchini Indonesia nao ulionyesha kwamba wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wana hatari ya kuugua karibu mara tisa ukilinganisha na wengine, na majirani wa mlango kwa mlango karibu mara nne. Ndiyo maana upimaji wa watu wa karibu ni shughuli ya kudumu, ya kila mwezi, isiyongoja kampeni.

Njia ya pili ni kliniki ya ngozi ya siku moja au mbili katika kijiji au kitongoji kilichochaguliwa, ambako kila mwenye tatizo lolote la ngozi anaalikwa. Naiona kuwa njia yenye faida kubwa kwa gharama ndogo, kwa sharti moja: timu ibebe dawa za upele, za fangasi na za vidonda kwa wingi. Watu watakuja na choa, mba, majipu na miguu iliyovimba. Timu inayotazama ukoma pekee na kuwarudisha wengine mikono mitupu haitapata watu mwaka unaofuata. Zaidi ya hayo, jina la kliniki ya ngozi humwezesha mgonjwa kupanga foleni bila jirani kujua anachokiogopa.

Upimaji wa nyumba kwa nyumba wa kijiji kizima ubaki kwa maeneo machache yenye mlipuko wa wazi, au yaliyo mbali kiasi kwamba rejesta yake haiaminiki. Shule za msingi zinaweza kuongezwa pale ambapo rejesta imeonyesha watoto. Mahali pengine, shule peke yake hutoa wagonjwa wachache, na walio wagonjwa zaidi wanaweza kuwa ndio walioacha kusoma.

Hatua ya tatu: maandalizi ya kijiji

Msimu huamua mengi. Katika bonde la Kilombero, kati ya Desemba na mavuno ya mpunga, familia nzima huhamia mashambani na kuishi madunguni, na timu inayofika Februari itapima wazee na watoto wadogo. Miezi ya kiangazi baada ya mavuno inafaa zaidi. Pwani ya kusini, wavuvi walio dago, yaani kwenye kambi za muda za uvuvi, wafuatwe huko huko. Wafugaji wanaohama na mifugo waulizwe kupitia viongozi wao wenyewe, kwa kuwa mwenyekiti wa kijiji mara nyingi hawana kwenye orodha yake.

Mazungumzo na mwenyekiti, mtendaji wa kijiji na mabalozi wa nyumba kumi yafanyike wiki mbili au tatu kabla, kisha uitishwe mkutano wa hadhara. Ujumbe uwe mfupi: ukoma husababishwa na bakteria, yule aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen huko Norwei mwaka 1873, si laana, si uchawi, haurithiwi, unapona kabisa, dawa zake ni za bure, na mgonjwa anayemeza dawa huacha kuambukiza ndani ya muda mfupi. Kama kuna mtu aliyepona ambaye kwa hiari yake yupo tayari kuzungumza, apewe nafasi kabla ya daktari. Asilazimishwe, wala asioneshwe vidole kama kielelezo.

Neno "mkoma" lisitumike na mtumishi yeyote, hata wakiwa peke yao ndani ya gari, maana kinachosemwa garini husemwa pia mezani. Gari lenyewe lisiwe na bango la ukoma na kuegeshwa mbele ya nyumba moja.

Waganga wa jadi na wauza duka la dawa waitwe kwenye kikao chao. Hao ndio waliomwona mgonjwa kabla yetu, na wengi wao wakiheshimiwa hueleza bila kusita ni nani aliyewahi kufika na baka lisiloisha.

Jambo linalosahaulika ni akiba ya dawa. Maoteo ya dawa mseto za ukoma hutokana na idadi ya wagonjwa wa mwaka uliopita. Wilaya inayoanza kutafuta kwa nguvu itapata zaidi ya ilichoagiza, na kumwambia mgonjwa aliyepatikana kwa shida arudi baada ya miezi miwili ni njia ya uhakika ya kumpoteza. Mratibu aagize nyongeza kabla ya kupanga tarehe, pakiti za watu wazima na za watoto.

Hatua ya nne: wafundishe wanaotangulia

Watoa huduma za afya ngazi ya jamii hupita kila kaya siku chache kabla ya timu, huandika wanakaya wote, na kuwaonyesha watu picha za mabaka. Mafunzo yao ya siku mbili yatosheleze kazi moja tu, ambayo ni kushuku. Kuthibitisha si kazi yao, na wasipewe malipo kwa kila mgonjwa anayethibitishwa, kwa sababu malipo ya namna hiyo huzaa wagonjwa wa karatasi. Walipwe kwa kaya walizopita. Mtoa huduma ambaye robo tatu ya washukiwa wake wana choa na mba amefanya kazi vizuri; anayeleta wachache na wote wakawa na ukoma amekuwa akichagua mno, na kuna aliowaacha nyuma.

Hatua ya tano: upimaji wenyewe

Hapa ndipo kampeni nyingi huharibika, kwa hiyo tutakaa kwa kirefu.

Upimaji hufanyika mchana, kwenye mwanga wa jua usio wa moja kwa moja, kwa mfano kibarazani penye pazia au chumba chenye dirisha kubwa. Tochi na taa ya umeme huficha mabaka hafifu. Awepo mpimaji wa kike kwa wanawake na wa kiume kwa wanaume, na kila mtu apewe kanga au shuka ili mwili ufunuliwe sehemu kwa sehemu. Mwili wote utazamwe, mgongo na makalio yakiwamo, maana mabaka mengi hukaa ambako mwenyewe hawezi kuyaona. Mpimaji anayetazama mikono na uso pekee hajapima. Ukikadiria dakika tano kwa mtu mmoja, mpimaji mmoja kwa saa sita atawaona watu 72; anayedai amewapima 200 kwa siku aulizwe amewapimaje.

Kwanza simama hatua mbili kutoka kwa anayepimwa, kwa kuwa baka hafifu huonekana zaidi kwa mbali kuliko kwa karibu. Mwangalie mbele, kisha ubavuni, kisha nyuma. Baka la ukoma kwenye ngozi nyeusi huwa na rangi iliyopauka kidogo kuliko ngozi inayolizunguka, au wekundu wa shaba, na linaweza kuwa bapa au kuinuka pembezoni. Haliwi jeupe kama maziwa. Mara nyingi ni kavu, halitoi jasho, na vinyweleo vyake vimepungua.

Kisha jaribu hisia. Chukua pamba safi, ivute iwe na ncha nyembamba. Mwonyeshe mhusika unachofanya akiwa anatazama, kwenye ngozi yake nzima, na umwelekeze aguse kwa kidole chake mahali alipoguswa. Mweleze afumbe macho. Gusa ngozi nzima, gusa baka, rudi kwenye ngozi nzima, bila mpangilio anaoweza kuukariri. Usipangusie pamba, iguse tu mpaka ncha ipinde. Usimwulize kila unapogusa kama anahisi, kwa sababu atajibu ndiyo kwa adabu. Akishindwa mara kwa mara kuonyesha ndani ya baka huku akionyesha vizuri nje yake, umepata dalili kuu. Kwa mtoto mdogo, fanya mchezo, na ukiona amechoka mwache arudi baadaye. Kumbuka pia kwamba baka la usoni linaweza kubaki na hisia hata kama ni ukoma, kwa vile uso una mishipa mingi ya fahamu.

Sasa tunafika kwenye kosa kubwa kuliko yote. Watumishi wamefundishwa kwamba ukoma ni baka lenye ganzi, wakatosheka. Mgonjwa mwenye vimelea vingi zaidi, ambaye ndiye anayeambukiza zaidi, anaweza asiwe na baka lolote lenye ganzi. Ngozi yake inang'aa kama iliyopakwa mafuta na imekuwa nene kwa ulinganifu pande zote mbili, ndewe za masikio zimevimba, nyusi zimepukutika kuanzia nje, pua imeziba na wakati mwingine hutoa damu, na pengine ana vinundu usoni au mikononi. Miguu huvimba jioni. Majirani watasema amenenepa na kupendeza. Mtu huyu akipimwa kwa pamba pekee ataambiwa yuko salama na kurudishwa nyumbani kulala chumba kimoja na wajukuu. Kwa hiyo kila anayepimwa ashikwe ndewe kati ya gumba na kidole cha shahada, na nyusi zake zitazamwe, hata kama hana baka.

Baada ya ngozi ni mishipa ya fahamu. Wa kiwiko hupapaswa mkono ukiwa umekunjwa kidogo, kwenye mfereji ulio upande wa ndani, nyuma ya mfupa uliotokeza. Ufuate kidogo kuelekea juu. Wa goti hupapaswa mtu akiwa ameketi, miguu ikining'inia, upande wa nje chini kidogo ya goti, nyuma ya shingo ya mfupa mwembamba. Wa kifundo cha mguu uko nyuma na chini ya kifundo cha ndani. Wa shingoni huonekana kama kamba chini ya ngozi mtu akigeuza kichwa upande wa pili. Tumia ncha laini za vidole viwili au vitatu, linganisha kulia na kushoto, na tazama uso wa mhusika wakati wote, kwani mshipa uliowaka huuma na utaona akikunja uso kabla hajasema. Unene pekee wa mshipa usitoshe kumwandikisha mtu. Wapo wakulima wenye mishipa minene ya kawaida. Unene unaoambatana na ganzi au udhaifu wa msuli katika eneo la mshipa huo ndio dalili.

Nguvu ya misuli hupimwa kwa dakika moja: fumba macho kwa nguvu, tanua kidole cha mwisho kutoka kwa vingine nami nikizuia, simamisha gumba kuelekea juu, inua kiganja, inua mguu kwenye kifundo. Hisia za viganja na nyayo hupimwa kwa nyuzi za nailoni maalumu, gramu 2 kwa mkono na gramu 10 kwa mguu. Zisipokuwapo, ncha ya kalamu ya wino ikiguswa taratibu hutosha. Yote yaandikwe, hata yakiwa mazima, kwa kuwa miezi mitatu baadaye swali litakuwa kama udhaifu ni mpya au wa zamani.

Hatua ya sita: uamuzi

Ukoma huthibitishwa kwa dalili moja kati ya tatu: baka lililopauka au jekundu lenye upotevu dhahiri wa hisia, mshipa wa fahamu ulionenepa pamoja na ganzi au udhaifu, au vimelea kuonekana kwa hadubini katika kipimo cha majimaji ya ngozi, yanayochukuliwa hasa kwenye ndewe. Kipimo cha tatu ndicho kinachomnasa yule mgonjwa mwenye ngozi inayong'aa, na kila wilaya iwe na angalau mtaalamu mmoja wa maabara anayekifahamu.

Vinavyofanana nao ni vingi. Choa huwasha, kina magamba na ukingo unaosambaa. Utangotango hupauka kifuani na mgongoni, ukikwaruzwa hutoa unga, na hisia zipo. Mbalanga ni jeupe kabisa, na hisia zake ni kamili. Alama ya kuzaliwa imekuwapo tangu utotoni. Kovu la moto au la dawa za kuchanjwa huwa na ganzi, lakini ni kovu, na historia yake mhusika anaijua. Katika milima ya Mahenge na maeneo mengine yenye usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi, wazee huwa na madoadoa meupe kwenye magoko yote mawili mithili ya ngozi ya chui; hisia zipo, na asiyejua hali ya huko anaweza kuwaandikisha nusu ya wazee wa kijiji. Mtu mwenye kisukari naye hupata ganzi ya nyayo bila baka wala mshipa mnene.

Kila aliyethibitishwa na timu atazamwe na Mratibu wa wilaya kabla ya kuandikishwa, siku hiyo hiyo inapowezekana. Kumwandikisha asiye mgonjwa kunamwekea jina ambalo kijiji hakitalisahau hata dawa zikiisha.

Mwenye mabaka moja hadi matano, asiye na vimelea kwenye kipimo, huhesabiwa kuwa na ukoma wa vimelea vichache. Mwenye mabaka zaidi ya matano, au aliyeathirika mshipa wa fahamu, au mwenye kipimo chenye vimelea bila kujali idadi ya mabaka, ana ukoma wa vimelea vingi. Ukibaki na shaka kati ya makundi hayo mawili, mhesabu katika vimelea vingi.

Hatua ya saba: dawa siku ileile

Dawa mseto, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 na kutolewa bure duniani tangu 1995, ni rifampisini, klofazimini na dapsoni. Tangu miongozo ya 2018, shirika hilo linapendekeza dawa zote tatu kwa makundi yote mawili: miezi 6 kwa vimelea vichache na 12 kwa vimelea vingi. Dozi ya kwanza imezwe mbele ya mtumishi, na mgonjwa aambiwe kabla hajaondoka kwamba mkojo utakuwa mwekundu na ngozi itaweza kuwa nyeusi zaidi kwa muda. Akiligundua hilo mwenyewe nyumbani, dawa zitaishia chooni. Aambiwe pia kuwa vipele vinavyosambaa pamoja na homa, au macho kuwa ya manjano, ni sababu ya kuacha dawa na kurudi kituoni upesi.

Aelezwe kuhusu mpambano wa mwili na vimelea, ambao unaweza kutokea kabla, wakati au baada ya matibabu: mabaka kuvimba na kuwa mekundu ghafla, vinundu vyenye maumivu, mishipa kuuma, mkono au mguu kulegea. Hiyo ni dharura ya siku, inayohitaji prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ili mishipa isife. Mgonjwa asiyeelezwa hudhani dawa zimemdhuru, na huziacha wakati anapohitaji msaada zaidi.

Hatua ya nane: rudi kwa watu wa karibu

Kila mgonjwa mpya hufungua orodha mpya. Mtu wa karibu, kwa ajili ya dawa ya kinga, ni yule aliyekaa na mgonjwa kwa takribani saa 20 au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi katika mwaka uliopita: wa nyumbani, jirani, mwenza wa kazi, rafiki wa kijiweni. Katika ule mradi wa nchi kadhaa, kila mgonjwa alikuwa na wastani wa watu karibu 20. Mgonjwa aombwe ridhaa kabla ya kutembelewa majirani. Akikataa, wapimwe wa nyumbani, na mtaa ufikiwe kwa kliniki ya ngozi isiyomtaja yeyote.

Walio na umri wa miaka miwili na zaidi, wasiokuwa na dalili za ukoma wala za kifua kikuu, hupewa dozi moja ya rifampisini: miligramu 600 kuanzia miaka 15, 450 kwa wa miaka 10 hadi 14, 300 kwa wa miaka 6 hadi 9 wenye kilo 20 au zaidi, na walio chini ya kilo 20 hupimiwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Wajawazito husubiri mpaka wajifungue. Wenye ugonjwa wa ini na waliotumia rifampisini ndani ya miaka miwili iliyopita hawapewi. Kikohozi kiulizwe kwa makini, kwa sababu dozi moja kwa mwenye kifua kikuu ni tiba nusu. Katika jaribio kubwa la Bangladesh dozi hii ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 57 katika miaka miwili ya mwanzo. Maana yake ni kwamba haikumkinga kila mtu, na kumeza kidonge hakumwondoi mtu kwenye orodha ya kupimwa tena.

Hatua ya tisa: waliokosekana na wenye shaka

Jioni ya kila siku timu ilinganishe walioandikwa na waliopimwa. Waliokosekana wasihesabiwe kama sehemu ndogo isiyo na uzito. Mtu aliyekwenda shambani ghafla asubuhi ya upimaji anaweza kuwa ndiye aliyefanya safari yote iwe na maana. Mtoa huduma wa jamii arudi kwao jioni au Jumapili, kwa upole, na mpimaji mmoja abaki kijijini siku ya ziada kwa ajili yao.

Ripoti ionyeshe walioandikwa, waliopimwa, walioshukiwa, waliothibitishwa, na kati ya hao watoto wangapi na wenye ulemavu wa daraja la pili wangapi. Katika mwaka wa kwanza wa utafutaji mzuri idadi ya wagonjwa hupanda, na Mganga Mkuu wa wilaya aandaliwe mapema kwa hilo ili asilichukulie kuwa mlipuko wala aibu. Kinachotakiwa kushuka katika miaka inayofuata ni ulemavu wakati wa kugunduliwa, na baadaye watoto.

Daftari la mwisho ni la wenye shaka: yule mwenye baka ambalo hisia zake hazikueleweka, mtoto aliyekataa pamba, mama mwenye mshipa mnene bila ganzi. Hawa wasiandikishwe, wala wasiambiwe kwamba hawana ugonjwa. Waandikwe pamoja na mchoro wa mwili unaoonyesha mahali na ukubwa wa baka kwa sentimita, wapewe tarehe ya miezi mitatu ijayo, na siku hiyo wapimwe na mpimaji yuleyule, kwa mwanga wa jua na pamba mpya. Watu wa karibu wengine wote huonwa mara moja kila mwaka kwa miaka isiyopungua mitano. Orodha yao ibaki zahanati, nakala moja ikae kwa Mratibu wa wilaya, ili uhamisho wa mtumishi mmoja usiifute.